Jiwe Lenye Ndevu

Paukwa!
– Pakawa!
Pakawa nini?
– Pakawa jiwe!
Jiwe gani?
– Jiwe lenye ndevu!
Nani kalinyoa?
– Kinyozi hajazaliwa!

Haya, sogeeni karibu na moto. Anayesinzia afinywe na jirani yake, na anayefinywa asilie, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ya kale, milima ilipokuwa bado inasemezana na watu, palikuwa na nchi ya wahunzi. Katika nchi ile chuma kilianzia mtoni. Wanawake walishuka na nyungo zao, wakachota mchanga, wakaupepeta ndani ya maji. Mchanga mweupe ni mwepesi, ukaenda na maji. Mchanga mweusi ni mzito, ukabaki kwenye ungo. Huo mweusi walimpelekea mhunzi, naye akaupika kwa makaa mpaka ukawa chuma cha majembe, chuma cha visu, chuma cha sindano.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo msichana mmoja, jina lake Namkunda. Dada yake alifariki siku ya kujifungua, akaacha kitoto kichanga kilichoitwa Nakiete. Namkunda akakipokea kitoto kile. Mgongo wa kukibeba alikuwa nao. Nyimbo za kukibembeleza alikuwa nazo. Maziwa hakuwa nayo, maana yeye mwenyewe alikuwa hajazaa.

Lakini alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe mmoja tu, jina lake Madoa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Ng'ombe wa kijiji kizima walikauka maziwa, mmoja baada ya mwingine. Madoa peke yake ndiye aliyetoa kibuyu kimoja asubuhi na kibuyu kimoja jioni. Nakiete akanywa, akanenepa, akaota kidevu cha pili.

Siku moja asubuhi, Madoa aliacha kucheua.

Mnajua kucheua? Ng'ombe akishakula hulala chini, akarudisha majani mdomoni, akayatafuna upya polepole huku akitazama mbali kama bibi anayewaza. Ng'ombe anayecheua ni mzima. Ng'ombe asiyecheua, kuna jambo.

Na desturi ya nchi ile ilikuwa hii: ng'ombe asipocheua siku tatu, asubuhi ya siku ya nne huchinjwa, ili asife kibudu na nyama ikapotea. Jua likishatoka lote mlimani, kisu hushuka. Mwenye ng'ombe haulizwi.

Namkunda akapiga magoti mbele ya Madoa. "Madoa, mama yetu, una nini?"

Madoa alikuwa amesimama, mgongo ameuinua, viwiko vya mbele amevitanua. Akajibu kwa sauti ndogo:

"Nikipanda ni nafuu,
nikishuka ni moto,
nikilala ni kisu."

"Umekula nini?"

"Nimekula majani uliyonipa. Sikuchagua. Ng'ombe hachagui, humeza kwanza, hutafuna baadaye."

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Namkunda akatoka mbio kutafuta msaada. Akakutana na Fisi, ameketi njiani anajilamba.

"Fisi, Madoa anaumwa. Nifanye nini?"

"Pole, mwanangu, pole sana," akasema Fisi, na macho yake yakang'aa kwa huruma nyingi mno. "Ni siku ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi bado siku tatu. Nitaazima kikapu."

"Nimekuomba dawa, hukuombwa kikapu!"

"Na mimi nimekupa nilicho nacho. Kila mtu hutoa alicho nacho."

Namkunda akampita. Akamkuta Kunguru juu ya paa la karakana ya mhunzi. Kunguru alikuwa amenuna, shingo ameizamisha mabegani.

"Kunguru, Madoa anaumwa. Umeona chochote?"

"Usinitajie huyo ng'ombe wako, dada. Ni mwizi."

"Ameiba nini?"

"Kitu changu! Juzi ulipokata majani hapa nyuma ya karakana, nilikiona kinang'aa ndani ya mzigo wako. Nikasema, hiki ni changu. Ukautua mzigo zizini, nikashuka hivi, na ulimi wake ukapita hivi, lwapu! Kikaenda na majani. Tangu siku hiyo sijalala vizuri."

"Kilikuwaje?"

"Kirefu kama kidole, chembamba kama mguu wangu, kimechongoka kama mdomo wangu. Kizuri, wee acha tu."

Majani yale ndiyo yalikuwa mabichi pekee nchi nzima, kwa sababu mhunzi alimwaga pale maji ya kupozea chuma. Na Namkunda mwenyewe ndiye aliyeyakata.

Akaingia karakanani. Mhunzi jina lake Sekiete, ndugu ya mama yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unahema?"

"Mjomba, siku hizi umefua nini kirefu kama kidole, kimechongoka?"

Sekiete akaweka nyundo chini. "Shazia. Zile sindano nene za kushonea ngozi. Nilifua tatu."

"Ziko wapi?"

"Zilianguka huko nyuma, kwenye majani."

"Ukaziokota?"

Sekiete akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe ni mtoto wa wahunzi, au umeokotwa? Kilichoanguka kutoka kwenye fuawe ya kufulia ni cha ardhi. Ardhi ndiyo iliyotupa mchanga, nayo hupokea fungu lake. Mhunzi haokoti mpaka mwezi uandame. Babu yangu hakuokota, baba yangu hakuokota, na mimi siokoti. Ardhi imezichukua."

"Ardhi gani yenye ulimi, mjomba?"

Sekiete akatoka nje, akainama kwenye majani, akapekua. Akapata shazia ya kwanza. Akapekua, akapata ya pili. Akapekua mpaka kucha zikajaa udongo, ya tatu hakuipata.

"Imo tumboni mwa Madoa," akasema. "Inamchoma."

"Itoe basi, kwa koleo lako."

"Koleo langu ni la moto, binti yangu, si la koo."

Akampa Namkunda zile shazia mbili, maana aliona haya kuzishika. Namkunda akazichomeka kwenye nguo yake, akarudi nyumbani kumkamulia Nakiete. Badala ya kibuyu kizima, akapata nusu.

Siku ya pili, akapata robo.

Lakini hata mwenye msiba hushuka mtoni. Namkunda akambeba mtoto, akashika ungo, akaenda kuosha mchanga kwa macho yaliyovimba. Akafika chini ya mwamba uliopigwa na radi masika yaliyopita. Akachota. Akapepeta. Mchanga mweupe ukaenda, mweusi ukabaki, na katikati ya mweusi pakabaki jiwe.

Lilikuwa kubwa kama ngumi mbili. Na lilikuwa na ndevu.

Ndio, ndevu! Mchanga mweusi ulisimama juu yake wima kama nywele za paka aliyeogopa. Namkunda akalisuuza, ndevu zikarudi. Akalikung'uta, ndevu zikarudi. Akalifuta kwa nguo yake, na zile shazia mbili zikachomoka kwenye nguo zenyewe, tiki, tiki! Zikang'ang'ania jiwe.

Namkunda akaliangusha, akaruka nyuma hatua tatu.

"Usikimbie," likasema Jiwe. "Sili watu. Nawasalimia ndugu zangu tu." Na likaimba:

"Mti simjui, shaba simjui,
udongo na mfupa wote siwajui.
Chuma nikimwona, chuma ndugu yangu!"

Nanyi itikieni: *Ndugu yangu!*

Namkunda hakuwa mtu wa kuamini wimbo bila kuujaribu. Akavua bangili yake ya shaba, akaligusisha Jiwe. Bangili ikaanguka. Akaligusisha kijiti. Kijiti kikaanguka. Akaligusisha shazia. Shazia ikashika kama kupe.

"Ndevu zako mbona ni nyingi huku na huku, na katikati ni chache?" akauliza.

"Kwa sababu nina ncha mbili, na nguvu zangu zimekaa nchani. Nitundike kwa uzi, utaona."

Akalitundika kwa uzi kwenye tawi. Jiwe likayumba, likatulia, ncha moja ikatazama kaskazini. Akalizungusha, likarudi palepale. Akalizungusha tena, likarudi palepale. Akalizungusha mara ya tatu, likasema, "Basi, dada, naona kizunguzungu." Lakini likarudi palepale.

"Sasa chukua jani kavu la mgomba," likasema, "uliweke juu yangu, unyunyize mchanga mweusi taratibu."

Akanyunyiza. Mchanga haukukaa ovyo. Ulijipanga mistari, ukatoka ncha hii, ukapinda kama upinde, ukaingia ncha ile. Mstari ndani ya mstari, kama kichwa kilichosukwa na msusi hodari. Karibu na ncha mistari ilibanana. Mbali na Jiwe ilitawanyika, ikafifia.

"Hilo ndilo boma langu," likasema Jiwe. "Halina miti, halina miiba, halionekani kwa macho. Lakini chuma kikiingia ndani yake, kinajua kimeingia kwa watu. Palipobanana mistari nina nguvu. Ilipotawanyika, nguvu zangu ni chache."

"Na boma lako linapita jani?"

"Umeona."

"Linapita kibuyu?"

Namkunda akatumbukiza shazia ndani ya kibuyu, akaziba mdomo, akalipeleka Jiwe ubavuni mwa kibuyu, kwa nje. Ndani kukasikika: tiki! Akalisogeza juu, shazia ikapanda. Akalisogeza chini, shazia ikashuka.

Moyo wake ukaruka. Kama linapita kibuyu, litapita ngozi! Akalifunga Jiwe kwenye nguo, akambeba mtoto mgongoni, akapanda mlima bila kupumzika.

Alimkuta Madoa amesimama vilevile.

"Nikipanda ni nafuu,
nikishuka ni moto,
nikilala ni kisu."

"Vumilia, mama." Namkunda akaliweka Jiwe ubavuni mwa Madoa, upande wa kushoto, karibu na moyo. Akangoja. Hakusikia tiki. Akalikandamiza. Hakusikia tiki. Akalikandamiza kwa mikono miwili mpaka Madoa akaguna. Kimya.

"Umenidanganya!"

"Sikukudanganya," likasema Jiwe. "Ubavu wa kibuyu ni mwembamba, ubavu wa ng'ombe ni mnene. Mimi niko uani na ndugu yangu yuko chumba cha ndani. Karibu nina mikono, mbali nina pumzi tu. Unataka nimshike? Nipeleke alipo."

"Nikupeleke vipi?"

"Yeye aliingia vipi?"

Namkunda akalitazama Jiwe, kubwa kama ngumi mbili. Akatazama koo la Madoa. Akakaa chini.

Siku ya tatu kulipopambazuka, maziwa yalifunika chini ya kibuyu tu. Nakiete akanywa, akatafuta zaidi, akalia. Akalia mpaka Fisi akapita kuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba!"

"Bado," akasema Fisi. "Kikapu nimepata."

Namkunda akalibeba Jiwe mpaka karakanani. "Mjomba, lipasue. Kipande cha kumezeka."

Sekiete akaligeuza mkononi, akalisogeza kwenye nyundo, likanata. Akacheka kama mtoto. Kisha akakunja uso kifundi. "Nikilipasua, nguvu zitamwagika kama maji ya mtungi. Au tuseme ncha hii ndiyo inayovuta na ile ni mkia tu. Nitakupa ncha nzuri, mkia tutautupa."

"Mjomba," likasema Jiwe, "nipasue mara moja, usinitwange. Nikitwangwa sana nasahau."

"Tangu lini chuma kinamfundisha mhunzi?" akasema Sekiete. Lakini akapiga mara moja tu. Kah! Jiwe likawa vipande viwili, kila kimoja kama yai la kuku.

Sekiete akakichovya kipande cha kwanza kwenye mchanga mweusi. Ndevu huku, na ndevu huku. Akakichovya cha pili. Ndevu huku, na ndevu huku.

"Mkia uko wapi?" akauliza.

"Hakuna mkia," vikajibu vipande vyote viwili kwa pamoja. "Ulipasua jiwe lenye ncha mbili, umepata mawe mawili, kila moja lina ncha mbili. Ukipasua tena, utapata yaleyale. Hakuna jiwe la ncha moja, mjomba, kama hakuna kamba ya mwisho mmoja."

Sekiete akavisogeza vipande pamoja. Vikarukiana, vikashikana. Akavitenganisha kwa nguvu, akakigeuza kimoja, akavisogeza tena. Lo! Kipande kikasukuma. Akakandamiza, kikateleza pembeni. Akakandamiza tena, kikaruka kama panzi.

"Hiki kimoja kina kiburi!" akafoka Sekiete. "Hakitaki mwenzake!"

"Geuza tu," vikasema vipande. "Ncha zinazofanana husukumana, ncha zilizo tofauti huvutana. Hakuna kiburi hapo, ni..."

Lakini mhunzi ni mhunzi. Maisha yake yote, chuma kikimkaidi, alikitia motoni kikalainika, kikatii. Hakujua dawa nyingine, na hakuwahi kuhitaji nyingine. Akakibana kipande kile kwa koleo, akakitia kwenye makaa, akaukanyaga mvukuto, fuu, fuu, fuu!

"Mjomba, acha!" akapiga kelele Namkunda.

"Nakifundisha adabu!"

Kipande kikawa chekundu. Kikawa cheupe. Sekiete akakitoa, akakiacha kikapoa, akakichovya kwenye mchanga mweusi.

Hakikuota hata unywele mmoja.

"Jiwe," akaita Namkunda. "Jiwe, sema kitu." Kipande kikakaa kimya, kama figa la jikoni lililochoka.

Sekiete akakigusisha nyundo. Hakikunata. Akakigusisha fuawe. Hakikunata. "Moto umelisahaulisha," akanong'ona. "Moto wangu."

Namkunda hakumtukana, maana alikuwa mjomba wake, na maana muda haukuwapo. Alinyakua kipande kilichobaki kabla hakijaguswa na koleo.

"Hiki hakiendi motoni," akasema.

"Kina makali pembeni. Kitamkwaruza koo. Angalau nikipitishe kidogo tu..."

"Mjomba!"

"Basi, basi. Lete maji. Nitakisugua."

Akaketi chini, mhunzi mkubwa wa nchi nzima, akakisugua kipande kile juu ya jiwe la kunolea, polepole, kwa maji, mpaka kikawa laini kama punje ya kunde. Jasho lilimtiririka.

Jioni wakakizungushia ndizi mbivu na asali. Namkunda akampeleka Madoa kwenye kichuguu, akampandisha miguu ya mbele juu yake, ili kitakachomezwa kishuke vizuri.

"Madoa, meza bila kutafuna."

Madoa akanusa. "Siku ile ulinilisha shazia. Leo unanilisha jiwe. Kesho utanilisha nyundo?"

"Kesho wanakuja na kisu, mama yangu. Nisamehe la kwanza, unipe nafasi ya la pili."

Madoa akamtazama. Akamtazama Nakiete mgongoni, aliyekuwa akinyonya kidole kitupu. Akafungua mdomo. Akameza.

Namkunda akachukua shazia, akaifunga katikati kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, akaining'iniza karibu na shingo ya Madoa. Ikatulia tu. Akaishusha karibu na bega. Ikatulia tu. Akaishusha nyuma ya kiwiko cha kushoto, kwenye usawa wa moyo. Shazia ikageuka yenyewe, ikauelekea ubavu, ikatetemeka kwenye unywele wake.

"Liko pale," akasema Sekiete, akapiga makofi.

"Liko pale," akasema Namkunda. "Lakini je, limeishika ile nyingine?"

Giza likaingia, na Madoa alikuwa bado hajacheua.

Siku ya nne, mlima ulipoanza kupauka, watu wakaja. Mbele yao Mzee Sempombe, mchinjaji, na kisu chake kipana. Nyuma yake kijiji kizima na majani ya mgomba ya kufungia nyama. Na mbele ya wote, mbele hata ya Mzee Sempombe, Fisi na kikapu.

"Hamjambo wenye msiba," akasema Fisi.

"Shikamoo, babu," Namkunda akamwambia Mzee Sempombe, wala Fisi hakumtazama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Amecheua?"

"Bado, babu. Lakini dawa imeshaingia. Tazama." Akaining'iniza shazia ubavuni mwa Madoa, ikageuka, ikatetemeka.

Watu wakaguna. "Upepo huo," akasema Fisi.

Mzee Sempombe alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Akaichukua shazia kwa mkono wake. Akaining'iniza karibu na mti. Haikugeuka. Akaining'iniza karibu na mbavu za Fisi.

"Msinipime mimi!" akaruka Fisi. "Tumbo langu halina kitu, Mungu ni shahidi!"

Haikugeuka. Akaining'iniza karibu na Madoa. Ikageuka.

"Nimeona," akasema Mzee Sempombe. "Kuna jambo humo ndani. Lakini kisu hakisikilizi uzi, mjukuu wangu. Kisu kinasikiliza taya." Akaanza kukinoa. Shwaa. Shwaa.

Jua likachungulia mlimani, ukingo mwembamba kama ukucha.

"Madoa, cheua," akasema Namkunda.

Madoa akabaki amesimama.

Jua likatoka nusu, kama chungu kilichofunikwa.

"Madoa, cheua!"

Madoa akahema. Akainama. Akashusha miguu ya mbele polepole, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini. Namkunda akafunga macho, akingoja mguno. Nikilala ni kisu, nikilala ni kisu. Mguno haukuja. Madoa akalala chini, ubavu wote, akanyoosha shingo.

Jua likabakiza kipande kama cha muhogo. Mzee Sempombe akanyanyuka na kisu chake. Fisi akafungua kikapu.

Kitu kama yai kikapanda shingoni mwa Madoa, kutoka chini kwenda juu. Kikafika mdomoni. Taya ikaenda kushoto. Taya ikaenda kulia. Taya ikaenda kushoto.



"Anacheua," akasema Mzee Sempombe. Akakishusha kisu, akakifuta kwenye paja ingawa hakikuwa na kitu. Kisha akakaa chini, puu, kama mzee aliyefika nyumbani. "Anacheua, jamani. Mimi sikupenda kazi hii leo."

Na jua likatoka lote.

Watu wakapiga vigelegele, majani ya mgomba wakayarusha juu. Sekiete akaenda kusimama nyuma ya ghala, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Moto wenyewe haukuwa umewashwa. Namkunda hakupiga kigelegele. Alianguka kwenye shingo ya Madoa, akalia kilio kile cha mtu aliyebeba mzigo mlima mzima na sasa ameutua.

"Unaniloanisha," akasema Madoa huku akitafuna. "Na unanikatiza. Nina majani ya siku tatu hapa."

"Na shazia?"

"Imelala. Hilo jiwe lako limeikumbatia, imetulia kama mtoto aliyebebwa. Vikae humo vyote viwili. Usinipe cha tatu."

Kabla ya adhuhuri Madoa alishuka bondeni kunywa maji, akashuka bila kuguna. Siku ile alitoa robo ya kibuyu. Kesho yake nusu. Keshokutwa yake kibuyu kilijaa mpaka povu likamwagika mkononi mwa Namkunda, na Nakiete akanywa, akanywa, akalala mdomo wazi na tone la maziwa kidevuni. Namkunda akakaa kumtazama tu. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Jiwe lile, wenzangu, ndilo watu wa leo wanaloliita sumaku. Lile boma lake lisiloonekana ndilo uga wa sumaku. Ncha zake mbili ni ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, na hazijawahi kutengana hata siku moja.

Na mafunzo ni haya. Kabla hujashika kisu, uliza kilichomo tumboni. Na usidhani kila kikaidi dawa yake ni moto, vingine vinataka kugeuzwa tu.

Hapo nimeutua mzigo wa hadithi. Mwenye kichwa cha kuubeba aujitwike, asiye nacho aazime kikapu cha Fisi, maana kiko kitupu. Mimi nilikuwapo siku ile. Niliomba maziwa, nikapewa povu, ndiyo maana nimesimulia kwa midomo mikavu. Aliye karibu na mtungi, anipe maji.